Chai katika Nchi ya Kahawa

Pembezoni mwa mji wa Bukoba wanaishi mzee mmoja na mkewe, ambao wote wawili walikuwa walimu hadi walipostaafu. Watoto wao wamekwisha kuwa watu wazima na wametawanyika. Siku za kazi wazee hao hupalilia migomba na mibuni yao kama wafanyavyo jirani zao. Lakini ifikapo Jumamosi asubuhi huvaa nguo safi, hufunga mlango, na kwenda kunywa chai katika mgahawa. Jumamosi moja huenda karibu na soko kuu, nyingine Kashai au Hamugembe, nyingine tena karibu na bandari. Na mara moja moja hupanda basi mapema hadi Kemondo, Muhutwe, Kamachumu au Muleba mjini. Hawaurudii mgahawa mpaka wawe wamekwisha kuizungukia mingine.

Mwanzoni jirani walicheka. Walisema kwamba mwenye migomba yake hana haja ya kufuata ndizi hotelini, na kwamba si vizuri mama mtu mzima kula barabarani mbele za watu. Wazee hawakugombana na mtu. Walijibu tu kwamba kwa miaka mingi walifundisha historia iliyoanza na wafalme na kwisha na vita, na sasa wanataka kusoma ile iliyoandikwa juu ya meza.

Siku moja, wakati wa mavuno, waliketi katika mgahawa mdogo huko Muleba. Mzee aliagiza kahawa. Kijana aliyekuwa akiwahudumia alisikitika, akasema, "Kahawa hatuna, mzee wangu. Ipo chai ya rangi na chai ya maziwa." Nyuma ya mgahawa, juu ya majamvi, buni nyingi zilikuwa zimeanikwa juani. Mzee alizionyesha kwa kidole na kuuliza, "Na hizo je?" Kijana akajibu bila kusita, "Hizo si za kunywa, mzee. Hizo ni za kuuza."

Nia ya insha hii ni kulichunguza jibu hilo. Halikuwa jibu la ujinga wala la utovu wa adabu. Lilikuwa jibu sahihi, nalo limetengenezwa na historia ya zaidi ya miaka 100. Yafaa mwalimu na mwanafunzi wajiulize: imekuwaje nchi iliyoijua kahawa kabla ya kufika mgeni yeyote kutoka Ulaya ikae mezani asubuhi na kunywa chai?

Jina la mahali

Tuanze na neno lenyewe. Mgahawa, au mkahawa kama wengine wasemavyo, ni neno lililozaliwa na kahawa. Maana yake ya asili ni mahali pa kunywea kahawa. Pwani, jina na jambo vilikwenda pamoja. Katika miji ya Waswahili, muuza kahawa alipita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wamsikie, na wazee wakaketi barazani wakinywa kahawa chungu na kuzungumza habari za dunia. Kahawa hiyo haikuwa chakula, ilikuwa mazungumzo.

Neno hilo liliposafiri kuja bara lilibaki na umbo lake, lakini kilichomo ndani kilibadilika. Katika miji yetu ya Kagera watu husema mgahawa au hoteli, na wote huelewa nyumba au kibanda chenye mabenchi, birika kubwa la chai, chapati, maandazi na sufuria ya supu. Tena mtu akikwambia asubuhi kwamba anakwenda "kunywa chai", hakwambii habari ya kinywaji tu. Anaweza kula ndizi na maharage, akashushia na maziwa, na bado akasema kwamba amekunywa chai. Hivyo lugha yetu imefanya mambo mawili kwa wakati mmoja: nyumba imeiita kwa jina la kahawa, na mlo wenyewe ikauita kwa jina la chai.

Kahawa iliyotafunwa

Wahaya hawakufundishwa kahawa na wakoloni. Aina iitwayo robusta ilikuwako katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria tangu zamani, nayo ilikuwa na kazi yake katika maisha ya watu. Lakini haikukaangwa wala kusagwa. Matunda yalichumwa, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha yakakaushwa. Kilichopatikana kiliitwa amwani, nacho kilitafunwa. Hata leo, katika masoko ya Bukoba na Muleba, amwani huuzwa katika vifungu vidogo, na mzee anayeheshimu wageni hakosi akiba yake.

Mgeni alipoingia nyumbani alipewa amwani katika kikapu kidogo kabla ya kuulizwa shida iliyomleta. Kutoa amwani kulikuwa kutoa amani. Kukataa bila sababu kulikuwa kumtilia mwenyeji mashaka. Aidha, kahawa ilitumika katika kufunga undugu wa damu, yaani omukago. Tunda moja la kahawa huwa na mbegu mbili zilizolaliana. Marafiki wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana mbegu hizo, kila mmoja akaipaka yake tone la damu yake, kisha akaimeza ile ya mwenzake. Tangu siku hiyo walihesabiwa kuwa kama waliotoka tumbo moja, na madhara yaliyomfika mmoja yalimhusu wa pili. Mwanafunzi atazame jambo hili kwa makini. Watu walichagua kahawa kuwa ishara ya undugu kwa sababu waliyoiona kwa macho yao: mbegu mbili ndani ya ganda moja.

Hata hivyo, tusiipambe historia kupita kiasi. Kahawa ya zamani haikuwa mali ya kila mtu. Katika himaya za Buhaya, kama Kiziba, Kianja, Kyamtwara na Ihangiro, ambayo ilienea katika sehemu kubwa ya wilaya ya Muleba ya leo, Mkama na wakuu wake walisimamia upandaji wa mibuni, na mtu wa kawaida hakupanda apendavyo. Ardhi nayo ilikuwa na mabwana wake. Chini ya utaratibu wa nyarubanja, mkulima aliishi juu ya ardhi ya mtu mwingine na kumlipa kwa mazao na kazi. Utaratibu huo ulikomeshwa kwa sheria baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960. Kwa hiyo tunaposema kwamba kahawa ilikuwa ishara ya heshima, tukumbuke pia kwamba heshima hiyo ilikuwa na mipaka yake.

Kutoka kinywani hadi guniani

Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wajerumani, alianzisha kituo cha serikali yao katika ghuba ya Bukoba. Miaka miwili baadaye wamisionari Wakatoliki walianza kazi Kashozi. Wajerumani walitawala kwa kuwatumia Wakama, na miongoni mwao Kahigi wa Kianja alikuwa mshirika wao mkubwa. Katika miaka hiyo mambo mawili yaliibadili kahawa. La kwanza ni kodi: mtu alitakiwa kulipa fedha, na ili apate fedha ilimlazimu awe na kitu cha kuuza. La pili ni usafiri. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na bahari. Gunia la buni ambalo zamani lingechukuliwa vichwani kwa miezi sasa liliweza kufika pwani na kuvuka kwenda Ulaya.

Vizuizi vya zamani vya upandaji vilivunjika. Mibuni ikapandwa katikati ya migomba, kibanja kwa kibanja, hata leo mtu akitembea vijijini huona mazao hayo mawili yamesimama pamoja kama mume na mke. Mgomba ulilisha nyumba; mbuni ulilipa kodi, ada ya shule, mabati na nguo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, ambapo Waingereza waliishambulia Bukoba mwezi Juni 1915, nchi ikaingia mikononi mwa serikali ya Uingereza, na biashara ya kahawa ikazidi kukua. Katika miaka ya 1920 bei ilipopanda, Buhaya ilihesabiwa miongoni mwa sehemu zenye fedha katika Tanganyika.

Lakini kuwa na fedha si kuwa na kauli. Mkulima alipanda, alipalilia, alichuma na kuanika. Bei aliitajiwa na mtu mwingine. Ndiyo maana mapema kabisa watu wa Bukoba walianza kujipanga. Mwaka 1924 watu kama Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki walishiriki kuunda Bukoba Bahaya Union, na katika miaka ya 1930 Kiiza alikuwa mstari wa mbele katika chama cha wakulima wa kahawa. Mwaka 1937 serikali ilipojaribu kuwalazimisha wakulima kufuata kanuni mpya za utunzaji wa mibuni, chini ya ukaguzi na tishio la adhabu, watu walikataa. Mikutano ilifanyika, polisi waliingilia kati, na viongozi wakakamatwa. Wakulima hawakuchukia mibuni yao. Walichokataa ni kuamriwa ndani ya vibanja vyao na watu wasiowasikiliza.

Mwaka 1950 ulizaliwa ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa wa Bukoba. Vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa mwaka 1976, na baada ya sheria mpya ya mwaka 1982 vikarudishwa. Ndipo wakulima wa Bukoba na Muleba wakawa tena na chama chao kikuu, kiitwacho KCU. Katika mapito hayo yote jambo moja halikubadilika: kahawa bora ilikwenda guniani. Kuikaanga na kuisaga kulihitaji kazi, sukari na mazoea ambayo nyumba nyingi hazikuwa nayo, na kila kilo iliyonywewa nyumbani ilikuwa kilo isiyouzwa. Wapo hata waliolazimika kuuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ndogo, ili wapate fedha ya matibabu au ya shule. Biashara hiyo huitwa butura, nayo imepigwa vita na serikali mara nyingi. Mtu aliyekwisha kuuza maua hawezi kufikiri habari ya kikombe.

Chai na safari zake

Chai iliingia kwa milango mingine. Ilikuja na misheni, na shule za bweni, na ofisi za serikali, na maduka ya Wahindi yaliyouza majani ya chai, sukari na unga wa ngano kwa vipimo vidogo ambavyo hata mtu wa kipato kidogo aliweza kuvinunua. Ilikuwa rahisi kuipika: maji, majani kidogo na sukari. Birika moja liliwatosha watu wengi. Mwalimu, karani, polisi na fundi, ambao kazi zao ziliongozwa na saa na si jua, walihitaji kitu cha haraka asubuhi. Zamani mkulima alianza kazi alfajiri baada ya kutafuna amwani au kula kiporo cha ndizi. Mlo kamili ulimngoja baadaye. Mtu wa ofisini hakuweza kungoja hivyo. Hivyo chai ya asubuhi ilifuatana na kalamu, kengele na mshahara.

Mji wa Bukoba ulikuwa na sababu yake nyingine, nayo ni meli. Kwa miaka mingi abiria wa kutoka Mwanza walisafiri usiku na kushuka asubuhi, wengi wakiwa na njaa na baridi ya ziwa mwilini. Mgahawa wa karibu na bandari uliamka mapema kwa ajili yao. Kwa sababu hiyo wazee wetu wawili wapendapo kukaa upande wa bandari hukumbuka pia huzuni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ilisimama baadaye kwa miaka kadhaa kabla ya kukarabatiwa na kurudi safarini mwaka 2020. Mama apikaye maandazi bandarini hana haja ya kusomewa historia ya usafiri. Huijua kwa idadi ya maandazi yanayobaki.

Sukari nayo ina habari yake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu na kuishika sehemu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliharibiwa katika vita hivyo, na ilichukua miaka mingi kabla ya uzalishaji kusimama tena imara. Wazee wa leo hawajasahau mwanzo wa miaka ya 1980, sukari ilipokuwa adimu na mgeni akakaribishwa chai isiyo na sukari kwa kuombwa radhi. Mzee wetu husema kwamba katika miaka hiyo amwani ilirudi kuheshimiwa, kwa kuwa haikuhitaji kupanga foleni.

Ndizi ya Kamachumu

Katika safari za Jumamosi, Kamachumu huwapendeza sana wazee hao. Mahali pale ni juu, hewa ni baridi, na asubuhi ukungu hutanda juu ya migomba. Huko huagiza katogo, yaani ndizi zilizopikwa katika chungu kimoja pamoja na maharage au utumbo wa ng'ombe. Jina hilo na chakula hicho hujulikana pia Uganda. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulitenga serikali, haukutenga vyungu.

Juu ya sahani hiyo mwalimu anaweza kufundisha somo zima la siasa. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitaka migomba iliyoshambuliwa na wadudu ing'olewe kwa amri. Ali Migeyo, mzalendo mashuhuri wa Bukoba, aliongoza upinzani dhidi ya amri hizo. Mkutano alioufanya Kamachumu ulitawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi, naye akafungwa gerezani. Mtu asiyeijua Buhaya angeweza kushangaa kwamba watu wako tayari kukabili polisi kwa ajili ya migomba. Lakini kwa Mhaya mgomba ni nyumba, ni chakula cha watoto, ni kivuli cha kaburi la baba yake. Mgeni aingiaye na panga kibanjani bila maelezo ameingia vitani.

Yafaa tulinganishe jambo hilo na lililotokea baadaye. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana wilayani Muleba, na dawa yake kubwa ikawa ile ile iliyochukiwa zamani: kung'oa. Safari hii, hata hivyo, wataalamu walilazimika kukaa na watu, kuwaonyesha usaha wa ugonjwa ndani ya shina, na kuwaeleza namna unavyosambazwa na panga lisilosafishwa. Panga ni lile lile; tofauti ilikuwa katika mazungumzo yaliyotangulia. Historia mara nyingi hufundisha hivyo: watu hawakatai kazi ngumu, hukataa kudharauliwa.

Mume na mke meza moja

Sasa tuwatazame wazee wenyewe walivyokaa. Mume yuko upande huu, mke upande ule, sahani ni mbili, birika ni moja. Kijana wa leo haoni ajabu. Lakini katika Buhaya ya zamani, kama katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, chakula kilikuwa na madaraja yake. Mwanamume alitengewa chake. Wanawake na watoto walikula mahali pengine. Wanawake walikusanya senene wakati wa msimu, wakawasafisha na kuwakaanga, lakini mila iliwataka wasiwale. Walikuwa chakula cha wanaume. Jirani zetu wa Buganda nao waliwakataza wanawake kuku na mayai. Mila hizo zilisemwa kuwa ni heshima, na hatuna budi kuuliza: heshima ya nani?

Bibi mwalimu husimulia kwamba alipokuwa msichana aliwachambua senene mpaka vidole vikauma, na hakuonja hata mmoja mbele ya wakubwa. Leo, msimu ukifika, huagiza senene mgahawani kwa sauti ya kusikika. Mumewe hucheka na kumwambia, "Mwalimu, taratibu, tumbakishie na mwenye mgahawa." Naye humjibu, "Mwalimu, mimi nalipwa deni." Wameitana hivyo, mwalimu kwa mwalimu, tangu walipokutana kazini.

Lakini bibi huyo huyo hutukumbusha jambo jingine. Anapoketi kuhudumiwa, yupo mwanamke mwingine nyuma ya pazia aliyeamka saa kumi usiku kukoleza moto na kukanda unga. Mgahawa mdogo kwa kawaida ni kazi ya mwanamke, na kwa wengi ndiyo unaowasomesha watoto. Zamani kazi hiyo ya asubuhi ilifanywa nyumbani bila kuhesabiwa. Leo inalipwa, japo kwa shida. Kwa hiyo meza ya mgahawa haikumwondolea mwanamke mzigo wote. Imemwezesha mmoja kuketi, na mwingine kushika fedha mkononi mwake mwenyewe. Hayo ni maendeleo, lakini si mwisho wa safari.

Kikombe kinachorudi

Je, kahawa itarudi mezani? Dalili zipo. Kiwanda cha TANICA kilichojengwa mjini Bukoba katika miaka ya 1960 kimetufundisha kwamba buni zetu zinaweza kukaangwa, kusagwa na kutiwa koponi hapa hapa. Kahawa yake ya unga imeingia katika nyumba na migahawa mingi nchini. Katika mji wa Bukoba wazee wetu sasa hupata kahawa katika migahawa kadhaa, wakati walipoanza safari zao waliipata kwa nadra. Hata baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa na kutia nyufa majengo mengi ya mji, migahawa ilikuwa miongoni mwa mahali watu walipokusanyika kuulizana hali.

Swali la kikombe si la ladha peke yake. Methali yetu husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mkulima wa kahawa amechumia juani kwa vizazi vingi, lakini mara nyingi aliyekula kivulini alikuwa mwingine, tena mbali. Mtu asiyeonja anachokiuza hutegemea ulimi wa mnunuzi kumwambia kama ni kizuri au kibaya. Hawezi kujua kwamba tunda lililochumwa bichi hutoa kahawa mbaya, wala kwamba buni zilizoanikwa juu ya udongo hunuka udongo kikombeni. Akionja, atajua, akijua, ataanika vizuri zaidi, na siku ya kupangiwa bei atakuwa na neno la kusema. Kunywa kahawa yetu hakutaondoa matatizo ya soko la dunia, lakini ni hatua ya kulifahamu zao letu tangu shinani hadi kikombeni.

Turudi kwenye ule mgahawa wa Muleba. Siku ile, baada ya kijana kujibu kwamba buni ni za kuuza, mzee alitoa amwani mfukoni, akampa mkewe, akampa kijana, akampa na mama mwenye mgahawa aliyekuwa amesogea kusikiliza. Wote wanne walitafuna kimya. Kijana alisema kwamba amechuma kahawa tangu alipokuwa na miaka sita, na amwani alipewa na bibi yake, lakini kahawa ya kunywa hajawahi kuionja. Mama mwenye mgahawa akauliza inapikwaje. Bibi mwalimu akamweleza: zikoboe, zikaange katika chungu kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga, zikibadilika rangi zitoe, zitwange kinuni, zichemshe, zichuje.

Zamu ya mgahawa ule ilipofika tena, miezi michache baadaye, waliletewa vikombe viwili kabla hawajaagiza. Kahawa ilikuwa imeungua kidogo na ilikuwa chungu kweli kweli. Mzee alikunywa yote. Alipoulizwa kama ni nzuri, alisema kwamba itakuwa nzuri zaidi wakipunguza moto. Kisha akalipa, na mama akakataa kupokea bei ya kikombe cha kwanza, akisema kwamba cha kwanza ni cha kukaribisha, kama amwani.

Mwalimu atakayeisoma insha hii pamoja na wanafunzi wake anaweza kuwapa kazi iliyo rahisi. Waende kwa wazee wa vijiji vyao, wawaulize walikula nini asubuhi walipokuwa watoto, nani alikipika, nani alikula na nani, na ni zao gani lililouzwa bila kuonjwa. Mahali pengine litakuwa kahawa, pengine karafuu, pamba, korosho au mkonge. Majibu yao wayaandike kwa uangalifu na kuyahifadhi shuleni. Historia ya taifa haikai katika ikulu na viwanja vya vita tu; sehemu yake imo katika birika linalochemka alfajiri, nayo huwajia wale wanaotaka kuketi, kuuliza na kusikiliza.